Droni juu ya bafu la bibi: picha anabaki nazo nani?

(Hii ni mada niliyoitoa kwa vijana wa chama pale Mikumi, Oktoba 2024. Wengi mliniomba maandishi yake. Nimeyanyoosha kidogo tu, mengine nimeyaacha kama nilivyoyasema.)

Najua njaa inauma na wali unanukia huko nyuma, kwa hiyo nitajitahidi. Ratiba inasema nitazungumzia "Usalama, faragha na teknolojia". Jina kubwa hilo. Mi naomba niongelee kitu kimoja tu, droni, na swali moja tu: ikishapiga picha ikaondoka, picha anabaki nazo nani?

Nianze nyumbani. Bibi yangu anaishi kijiji kimoja upande wa Kimamba, kule kwenye mashamba ya mkonge. Bafu lake mnalijua hata kama hamjafika, kwa sababu kila mmoja hapa ameogea bafu kama lile. Mabua, vipande vya viroba, mawe matatu ya kusimamia, mlango wa kanga kuukuu. Paa halina. Na halihitaji paa, maana toka dunia iumbwe hakuna mtu aliyekuwa anapita juu. Ukuta wa bafu umejengwa kuzuia macho ya wapita njia. Juu alikuwepo Mungu na kunguru basi.

Mwaka jana nikiwa likizo, jioni moja bibi anaoga, akasikia mlio. Akadhani nyuki. Akainua kichwa, akaona kitu kimesimama angani, hakisogei, kimetulia tu juu yake. Alitoka mbio na kanga moja, sabuni mwilini, akajikwaa kwenye kizingiti. Goti lilivimba wiki nzima.

Mimi ndiye mwanasheria wa familia, ingawa nipo chuo bado. Nikaenda kuuliza. Mwenyekiti wa kitongoji akasema nadhani ni wapimaji. Wapimaji wa nani? Hajui. Akanielekeza ofisi nyingine, nikaambiwa hayo ni mambo ya wataalamu, binti, tusiwasumbue. Nikauliza picha zinakwenda wapi. Yule bwana akacheka. Hakunijibu vibaya, naomba niseme ukweli, alicheka tu kama mtu aliyeulizwa moshi unakwenda wapi.

Nikamwambia bibi tuandike malalamiko. Akaniambia, "Mjukuu wangu, nitasimama mbele za watu niseme nini? Kwamba nilikuwa uchi?" Yakaishia hapo. Ila toka siku ile bibi anaoga usiku, tena bila taa, maana taa inaonyesha kuna mtu. Miaka sabini na kitu, anapapasa gizani kwenye nyasi zenye nyoka.

Sasa kuna watu wataniambia: ah, droni ya upimaji inaruka juu sana, haioni kitu. Nimelifuatilia hilo. Kwa kawaida droni hairuhusiwi kupita futi 400, yaani kama mita 120. Kwa kimo hicho, kamera ya kawaida ya upimaji inaweza kuonyesha ardhi kiasi kwamba kila nukta ya picha ni kama sentimita tatu. Kweli, hapo sura ya mtu huijui. Lakini unajua kuna mtu, unajua kavaa au hajavaa. Na droni ya upimaji haipigi picha moja ikaenda zake. Inapiga picha zinazolaliana, sehemu kubwa ya picha hii inarudiwa kwenye inayofuata, ndipo kompyuta iweze kuziunga ziwe ramani. Kwa hiyo bafu la bibi halipo kwenye picha moja. Lipo kwenye nyingi.

Na hiyo habari ya sura, jamani, ni hoja ya watu wa mjini. Kijijini nani anahitaji sura? Ukimwonyesha mtu yeyote wa kitongoji kile picha ya juu, akaona mwembe, akaona banda la mbuzi, akaona bafu, atakwambia huyo ni bibi fulani. Nyumba ndiyo sura.

Sitaki mtoke hapa mkidhani nachukia droni. Mwaka 2018 kule Ziwa Victoria walijaribu kupeleka dawa kwa droni mpaka Ukerewe, safari ya kilomita 60 kwa dakika 40. Mama mwenye ujauzito kisiwani hatakuelewa ukimwambia droni ni mbaya. Zanzibar toka 2016 wamepiga picha Unguja na Pemba kwa droni, na vijana wa chuo kikuu cha kule ndio walikuwa wanazirusha. Na sisi Kilosa tusisahau Mkondoa. Mwisho wa 2009 kuingia 2010 mto ule ulitoka kwenye njia yake, ukabeba nyumba, ukabeba na reli, watu wetu wakaishi kwenye mahema. Mtu akija kesho na droni kuchora mto unapita wapi na kingo zimekatika wapi, mimi mwenyewe nitambebea betri.

Hapa Mikumi kuna na tembo. Mnalalamika kila msimu, na mna haki, mahindi ya mwaka mzima yanaliwa usiku mmoja. Kuna askari wa wanyamapori kule Tarangire na Serengeti waliojaribu kufukuza tembo mashambani kwa droni ndogo, na ilifanya kazi. Tembo anaogopa nyuki, na mlio wa droni unafanana na nyuki. Si ajabu Waswahili wengine wanaiita ndege nyuki. Bibi na tembo wamesikia kitu kilekile, tofauti ni kwamba tembo walifukuzwa kwa faida ya mtu.

Halafu serikali nayo ina hoja yake ya usalama, na mimi sitaipuuza kwa sababu tu imetoka serikalini. Ndani ya hifadhi huwezi kurusha droni bila kibali cha TANAPA, na nakubali kabisa. Mfumo huu wetu wa Selous na Mikumi ulikuwa na tembo karibu 39,000 mwaka 2009. Sensa ya 2013 ikakuta karibu 13,000. Miaka minne! Sasa picha ya droni mara nyingi inabeba ndani yake mahali ilipopigiwa, namba za ramani kabisa. Mtalii anaposti kundi la tembo anafurahia likes, jangili anasoma namba. Na sasa tuna treni ya umeme inapita Kilosa, kwenye mahandaki na nyaya, siwezi kusema kila mwenye droni aende akacheze pale.

Ndiyo maana sheria ipo. Kanuni za ndege zisizo na rubani zilitungwa mwaka 2018, droni inatakiwa kusajiliwa TCAA, na kibali cha Wizara ya Ulinzi kinahitajika. Kwa hiyo anga ina mlinzi, jeshi lina mlinzi, tembo ana mlinzi. Katika safari nzima hiyo ya vibali, mwenye bafu haulizwi. Anayerusha anaweza kuwa na karatasi zote, amesajiliwa, amelipia, na bado bibi akavunjika goti. Usalama tulioandikia sheria ni wa vitu vya serikali. Usalama wa mtu anayetazamwa tumeuacha kwa busara ya anayetazama.

Kwa Kilosa hili ni zito kuliko sehemu nyingine, na wenyeji mnajua ninakoelekea. Tarehe 8 Desemba 2000, Rudewa Mbuyuni, wakulima 38 waliuawa katika mgogoro na wafugaji. Wengine humu mmezaliwa baada ya hapo, mimi mwenyewe nilikuwa sijazaliwa, lakini nyumbani kwetu mwaka unahesabiwa kabla ya Rudewa na baada ya Rudewa. Mwaka 2009 ikaja operesheni ya kuondoa mifugo, na wafugaji nao wana hadithi zao za machozi. Katika wilaya ya namna hii, kujua ng'ombe wapo wangapi na wamelala wapi, au shamba la nani limeingia mpaka wapi, hiyo siyo picha ya mapambo. Mfugaji akiona droni juu ya boma anawaza: wananihesabu ili wanitoe, au wezi wanapima. Mkulima akiiona juu ya shamba anawaza: kuna mwekezaji kaletwa. Inawezekana wote wawili wamekosea, ni kijana tu anatafuta picha ya machweo. Lakini hakuna aliyewaambia, na hofu ikikaa usiku mmoja Kilosa, asubuhi inakuwa na fimbo.

Sasa nigeukie kwetu. Najua hapa hamtapiga makofi.

Mkutano wetu wa hadhara mmoja mwaka huu, siutaji, vijana wetu waliazima droni kwa mpiga picha wa harusi. Kibali? Msiniulize. Tulitaka kuonyesha nyomi. Tunaelewana kwa nini: toka 2016 mpaka Januari 2023 mikutano ilipigwa marufuku, watu wakasema upinzani umekufa, sasa watu wamejaa uwanja mzima na wewe una chombo cha kuonyesha kutoka juu. Nani asingeposti? Mimi mwenyewe niliisambaza, nikaweka na moto mitatu.

Saa mbili usiku nikapigiwa simu na mwalimu mmoja. Sauti ya chini, kama yuko chooni. "Mdogo wangu, ile picha ishusheni." Nikamwambia mwalimu, mbona watu ni wengi, huonekani. Akasema pikipiki yangu inaonekana. Ana pikipiki yenye kiti cha manyoya ya chui, ya kufoji hiyo msiogope, na ipo peke yake kata nzima. Alikuwa ameegesha pembeni chini ya mti, anasikiliza tu, Jumapili, saa yake mwenyewe. Tulipokwenda kuifuta, ilikuwa imeshapita kwenye magrupu matatu ya WhatsApp, na kwenye moja mtu ameshaizungushia pikipiki ile duara jekundu.

Mwalimu hakufukuzwa kazi, nisiwatie chumvi. Lakini hajaja mkutanoni tena. Na nilipokutana naye alinisalimia vizuri tu, hakugombana. Hilo liliniuma zaidi.

Tuna msimu gani sasa hivi? Tarehe 6 Septemba Mzee Ali Kibao alishushwa kwenye basi, mwili wake ukaokotwa Ununio. Sisemi droni ilihusika, haikuhusika popote ninapojua. Nasema tu kwamba katika mwaka ambao mama anamuuliza mwanae "unaenda mkutanoni, watakuona?", picha ya juu inayoonyesha nani alisimama na nani, aliondoka na gari gani, aliingia njia ipi, siyo kitu cha kuachwa kwenye simu ya mtu asiyejulikana. Tunapowaona wao wanarusha droni juu ya mikutano yetu tunapiga kelele, na tunapiga kelele kwa haki. Lakini sisi tukirusha tunaita propaganda nzuri. Mwalimu wangu yule haoni tofauti. Kwake yote ni jicho lililomkuta.

Sheria inasemaje? Nitapita haraka, maana hapa ndipo wanafunzi wa sheria huwa tunawapoteza watu.

Katiba, ibara ya 16, inampa kila mtu hifadhi ya nafsi yake, maisha yake binafsi, familia yake na maskani yake. Maskani, makamanda. Haikusema nyumba ya bati. Bafu la mabua ni maskani.

Kisha kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, namba 11 ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa Aprili mwaka huu. Kwa sheria hii, picha inayoweza kukutambulisha ni taarifa yako binafsi. Anayekusanya anapaswa kukujulisha anakusanya kwa lengo gani na nani atapelekewa. Una haki ya kuuliza una nini changu, una haki ya kuomba kifutwe, ukikataliwa unapeleka malalamiko Tume. Kumbe bibi alikuwa na pa kwenda! Tatizo ni kwamba malalamiko yanahitaji jina la mlalamikiwa, na jina lipo angani, limeshaondoka.

Sheria yenyewe ina matobo. Kuna misamaha ya usalama wa taifa, ya kuzuia uhalifu, na ya matumizi ya mtu binafsi, na ukiwa na nia mbaya unaweza kupitisha lori humo. Mwanaharakati Tito Magoti aliipeleka mahakamani, na Mei mwaka huu Mahakama Kuu ikasema baadhi ya maneno ya vifungu vya 22 na 23, vinavyohusu ukusanyaji, hayaeleweki vya kutosha, ikaipa Serikali mwaka mmoja kurekebisha. Mbunge wa Kilosa, Profesa Kabudi, alikuwa Waziri wa Katiba na Sheria nilipotoa mada hii Oktoba 2024, na amefundisha sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kama kuna mtu asiyehitaji kuelezewa ibara ya 16 ni yeye. Mi ningependa siku moja nimsikie akiizungumzia na mabafu ya jimboni kwake.

Ila hatutakaa kusubiri Dodoma. Tarehe 27 Novemba kuna uchaguzi wa serikali za mitaa, na humu nawaona wagombea wa uenyekiti wa vijiji na vitongoji. Halmashauri ya kijiji ina uwezo wa kutunga sheria ndogo, zikapitishwa na wilaya. Sasa msikilize vizuri: kijiji hakimiliki anga. Ukiandika "ni marufuku kurusha droni kijijini kwetu" utachekwa, anga ni ya TCAA. Lakini mtu hafiki na droni kwa kuruka, anafika kwa gari, anashuka, anasimama kwenye ardhi ya kijiji, anafanya kazi humo. Hapo kijiji kina mdomo. Kijiji kinaweza kumtaka aripoti, aseme ni nani na ametumwa na nani, siku na saa ya kurusha itangazwe, watu wajue leo saa nne mpaka saa sita usioge. Aache karatasi yenye jina na simu. Aseme picha zitakaa wapi na zitafutwa lini. Mwalimu mmoja wa chuo nilimwonyesha akaniambia wilaya inaweza kukataa kwa sababu kuna kanuni za kitaifa tayari. Inawezekana. Wakikataa, wakatae kwa maandishi, nasi tutakuwa na karatasi ya kuanzia.

Na sisi kwenye tawi tuanze kabla ya kudai kwa wengine. Droni isiruke mkutanoni bila kibali. MC atangaze, "jamani kuna droni, asiyetaka kuonekana akae upande huu," na upande huo uwepo kweli. Picha ya nyomi ipigwe kutoka nyuma na mbali. Kadi ya kumbukumbu isirudi kwa mwenye droni ikiwa na picha zetu. Hiyo ya mwisho tulikosea kabisa, na mpaka leo sijui yule mpiga picha wa harusi aliifanyia nini ile kadi.

Kuna kamanda alinikatiza hapa, na swali lake naliandika kwa sababu ndilo gumu kuliko yote. Akasema: "Dada, hizi hoja zako za faragha si ndizo watakazotumia kutuzuia tusipige picha polisi wanapotupiga, au karatasi za matokeo zinapobandikwa?"

Ni kweli watajaribu. Jibu langu ni hili. Polisi akiwa kazini barabarani hayupo bafuni. Msimamizi anayebandika matokeo ukutani anayabandika ili yasomwe, na ibara ya 18 inakupa haki ya kutafuta na kutoa habari. Faragha ni ngao ya mtu mdogo dhidi ya mkubwa, na mwenye mamlaka akiwa anatumia mamlaka yake hadharani hawezi kujificha nyuma ya kanga ya bibi. Lakini nilimwambia pia, na narudia, kwamba mstari huo hauko wazi kila mahali. Polisi amezungukwa na watu, ukimpiga picha yeye umewapiga na hao. Umati ule una mwalimu wangu. Ninachofanya mimi siku hizi ni kuficha sura na vyombo vya watu wengine kabla ya kuposti, inachukua dakika kumi. Yule kamanda hakuridhika sana. Tuliendelea kubishana mpaka kwenye wali.

Rasimu ya sheria ndogo ipo kwa katibu wa vijana, kurasa mbili tu, mgombea yeyote aichukue akaisomee watu wake. Kifungu cha nne nimeacha wazi, muda wa kufuta picha zisizohitajika. Mi nilikuwa nimeandika siku thelathini. Dada mmoja kutoka Ruhembe akasema saba, na akaniuliza ningekubali siku ngapi kama lingekuwa bafu langu. Leteni maoni yenu kabla wiki haijaisha.